Msimbazi: Bonde Likishakauka Litakuwa la Nani?

Mvua kubwa ikinyesha usiku kwenye vilima vya Pugu, asubuhi Barabara ya Morogoro hufungwa Jangwani, bondeni mwa Mto Msimbazi. Mabasi ya mwendokasi yanaishia Magomeni upande mmoja na Fire upande wa pili, bodaboda zinapandisha nauli, na wenye magari wanajaribu bahati yao Kigogo au wanazunguka hadi Selander. Mkwajuni nako maji yakipanda juu ya Barabara ya Kawawa, jiji la Dar es Salaam linakatika vipande. Kila masika picha ni ileile, na maelezo yanayoandamana nayo ni yaleyale: watu wamejenga mabondeni, mto umedai njia yake.

Maelezo hayo yana ukweli, ila yanaficha jambo. Bonde la Msimbazi limekuwa likipimwa kwa vipimo viwili. Anapolitaka mwananchi wa kipato cha chini, ni eneo hatarishi. Inapolitaka serikali, ni eneo wazi. Sasa kwa kuwa kuna mradi mkubwa wa kuliondolea bonde mafuriko, kipimo cha tatu kinanukia, nacho ni cha soko. Hicho ndicho kinachonitia wasiwasi kuliko maji.

Tuanze na mto wenyewe. Msimbazi si mto mkubwa. Unatoka vilima vya Pugu na Kisarawe, unasafiri kiasi cha kilomita 35 tu, unapita Kinyerezi, Tabata, Vingunguti na Kigogo, unapokea mito midogo ya Ubungo na Sinza, kisha unaingia baharini kwenye mikoko ya Selander. Wakati wa kiangazi zipo sehemu ambazo mtoto anauvuka bila kuvua viatu. Ufupi wake ndio ubaya wake, kwa sababu maji hayana mwendo mrefu wa kupungua nguvu. Mvua ya usiku huko juu inakuwa mafuriko ya asubuhi huku chini, na bonde linapofika Jangwani linapanuka na kuwa tambarare, hivyo maji yanatua na kutandaa.

Utambarare huo ndio uliolipa eneo tabia yake. Wakati wa ukoloni mji uligawanywa kwa rangi, Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na Mnazi Mmoja ikaachwa wazi kwa makusudi ili kuitenga Kariakoo na katikati ya mji. Jangwani haikuhitaji amri ya mtu, maji yalitosha kuiacha wazi. Kariakoo na Ilala zikakua upande mmoja, Magomeni ikajengwa upande wa pili miaka ya 1950, na katikati pakabaki uwanda ambao kila mtu aliutumia na hakuna aliyekuwa na haja ya kuumiliki. Hapo palichezwa mpira. Hapo palilimwa mchicha na matembele. Hapo palifanyika mikutano ya hadhara ambayo viwanja vingine vya jiji visingeimudu. Agosti 2015 CCM ilizindua kampeni zake za urais Jangwani, na siku chache baadaye Ukawa, muungano wa vyama vya upinzani, nao wakajaza uwanja uleule. Klabu mbili kubwa za soka nchini zinajitambulisha kwa bonde hili, Watoto wa Jangwani (Yanga) na Wekundu wa Msimbazi (Simba), na uwanja wa Kaunda pale klabuni Yanga umewahi kugeuka bwawa mara nyingi kiasi kwamba watani wao wa jadi hawana haja ya kutunga utani mpya.

Halafu watu wakaanza kuishi humo. Suna, Kigogo, Msimbazi Bondeni, Mkwajuni, pembezoni mwa Hananasif. Neno tulilozoea kuwaita ni wavamizi. Lakini tazama nyumba ya bondeni ilivyopatikana. Mnunuzi alikuwa na karatasi ya mauziano iliyoshuhudiwa na mjumbe na kugongwa mhuri wa serikali ya mtaa, ambayo nayo ilichukua asilimia yake. Baadaye nguzo za umeme zikafika, mita ya LUKU ikafungwa, bomba la maji likavutwa, kituo cha kupigia kura kikafunguliwa. Wagombea walikuja kuomba kura humo na waliposhinda wakakumbuka kuleta kifusi cha kuziba mashimo ya njia. Mahali ambapo serikali imefika kwa mhuri, kwa nguzo na kwa sanduku la kura, ni vigumu kusema watu walijificha.

Na kwa nini bondeni? Mtu hajengi panapofurika kwa sababu hajui kwamba panafurika. Anayejua zaidi ni yeye: ndiye aliyeinua kizingiti cha mlango, akaweka kitanda juu ya matofali na kujenga kijiukuta mbele ya baraza. Anakaa pale kwa sababu ya Kariakoo. Mbeba mizigo anayetakiwa kuwa sokoni kabla ya alfajiri, mama ntilie anayewasha jiko kabla mabasi hayajaanza, kijana anayetembeza maji baridi na kurudi na faida ya shilingi elfu chache, hawa wote wanaweza kutembea kwa miguu kutoka bondeni hadi kazini. Ukimpeleka mtu wa namna hiyo pembezoni mwa jiji, nauli ya kwenda na kurudi inakula kile anachokwenda kukitafuta. Umbali ni gharama, na bonde lilikuwa linauza ukaribu kwa bei ya hatari.

Desemba 2011 hatari ikadai malipo. Mvua za siku chache, ambazo wataalamu wa hali ya hewa walisema hazijaonekana Dar es Salaam tangu 1954, ziliua takriban watu 40 na kuacha maelfu bila makazi. Serikali iliwapa waathirika viwanja Mabwepande, huko kaskazini, kiasi cha kilomita 30 kutoka Kariakoo. Ulikuwa msaada wa kweli na wapo waliojenga maisha huko. Wapo pia waliouza viwanja vyao na kurudi kupanga bondeni. Wakati ule waliitwa wasio na shukrani. Mimi naona walipiga hesabu tu, na hesabu yao ilikuwa sahihi kuliko ya waliowahamisha: kiwanja kisicho na kazi karibu ni mali ya kuuza.

Desemba 2015 ikaja bomoabomoa. Alama ya X nyekundu ukutani, katapila mtaani, mabati yamerundikwa kando ya barabara. Sheria iliyotajwa ipo na ni nzuri: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na Sheria ya Ardhi ya 1999 nayo inazihesabu mita hizohizo kuwa ardhi hatarishi. Sina ugomvi na mita 60. Mtoto aliyezama 2011 angekuwa hai kama zingeheshimiwa.

Ugomvi wangu ni kwamba wakati X zinachorwa, hatua chache kutoka hapo ilikuwa imesimama karakana ya mabasi yaendayo haraka. Ujenzi wa awamu ya kwanza ya mwendokasi uliendelea baada ya mafuriko ya 2011, wahandisi wakiwa wameona kwa macho maji yalipofika, na bado karakana kuu ikawekwa Jangwani. Mabasi yalianza kazi Mei 2016. Tangu hapo karakana imefurika mara kadhaa, mabasi yameingia maji hadi kwenye injini, na abiria wa Kimara wamelipia kosa hilo kwa kusimama vituoni.

Kwa nini karakana ilipelekwa pale? Kwa sababu lilihitajika eneo kubwa, tambarare, karibu na katikati ya jiji, lisilo na wenye hati wa kulipwa fidia kubwa. Zisome tena sifa hizo. Ni zilezile zilizompeleka mbeba mizigo. Mwananchi na serikali walifanya uamuzi mmoja kwa sababu moja, ila mmoja aliitwa mvamizi na mwingine akaitwa mwekezaji wa miundombinu. Inafaa kuongeza kwamba hasara ya basi lililozama inalipwa na wote, na ya godoro lililozama inalipwa na mwenye godoro.

Sasa tuko kwenye ukurasa mwingine. Mradi wa Uendelezaji wa Bonde la Mto Msimbazi uliidhinishiwa fedha na Benki ya Dunia 2022. Thamani yake ni takriban dola milioni 260, kati ya hizo milioni 200 ni mkopo wa benki hiyo na nyingine zinatoka Uholanzi na Hispania. Mkopo maana yake ni kwamba mlipaji wa mwisho ni mimi na wewe, jambo linalotupa haki ya kuuliza maswali. Mradi unalenga kupanua na kuchimba mto sehemu ya chini, kujenga daraja jipya la Jangwani lenye urefu wa mita 390 ambalo maji yatapita chini yake badala ya juu yake, kuihamishia karakana ya mwendokasi Ubungo Maziwa, kugeuza sehemu kubwa ya bonde kuwa bustani ya jiji inayoruhusiwa kufurika, na kunyanyua kingo za bonde kwa udongo utakaochimbwa ili zijengeke.

Kiufundi wazo hili ni bora kuliko yote yaliyowahi kupendekezwa kwa Jangwani. Kuacha mto ufurike mahali palipoandaliwa ni busara kuliko kuubana kwenye mfereji wa zege na kuomba dua. Jambo la pili linalostahili sifa ni kwamba safari hii watu wasio na hati walilipwa kabla ya kuondoka. Kwa sehemu hiyo tumshukuru mkopeshaji, maana masharti yake hayaruhusu kumwondoa mtu kwa katapila hata kama hana karatasi. Ni aibu kidogo kwamba heshima hiyo ilibidi iingie nchini pamoja na mkopo.

Fidia yenyewe ilikuwa na mvutano. Mwanzoni ilielezwa kwamba wakazi watalipwa thamani ya majengo, ardhi isihesabiwe kwa kuwa ni bonde. Watu wakalalamika, na serikali ikakubali kuongeza shilingi milioni 4 kwa ajili ya ardhi. Kuongeza ni afadhali ya kutoongeza. Lakini kwa milioni 4 huulizi kiwanja Magomeni wala Ilala, unaulizia Chanika na kwingine ambako daladala ya mwisho unaiwahi kwa kukimbia. Yaani Mabwepande imerudi, ila safari hii kila mtu anajitafutia yake.

Na hao ni wenye nyumba. Nyumba ya uswahilini Dar es Salaam ina korido katikati, vyumba kulia na kushoto, na kila chumba kina familia inayolipa kodi. Mpangaji hana jengo la kutathminiwa. Tathmini ilipopita, mwenye nyumba aliulizwa kuhusu kuta, mabati, choo na mti wa mwembe. Aliyekuwa akiishi chumba cha tatu kushoto alibaki na masufuria yake, na ndiye aliyekuwa na sababu kubwa zaidi ya kuwa karibu na Kariakoo.

Hapa ndipo swali la kichwa cha makala linapoingia. Ardhi iliyonyanyuliwa Jangwani, isiyofurika, yenye barabara ya mwendokasi mlangoni, dakika chache kutoka soko kubwa la nchi na mkabala na bustani ya jiji, itakuwa miongoni mwa ardhi ghali Dar es Salaam. Thamani hiyo haitatengenezwa na mwekezaji yeyote. Itatengenezwa na mkopo wa umma na kuondoka kwa waliokuwepo. Kama itauzwa kwa mwenye dau kubwa, tutakuwa tumekopa fedha kuwatoa maskini kwenye hatari ili tuwaingize matajiri kwenye usalama.

Wapo watakaosema naona vivuli, kwamba hakuna aliyetangaza kuuza chochote. Sawa. Lakini sihitaji njama kueleza jinsi kodi inavyopanda. Hananasif, palepale jirani na bonde, wakazi walishirikiana na mashirika ya kimataifa katikati ya miaka ya 1990 kujenga mifereji na njia kwa mikono yao wenyewe. Kazi ilifanikiwa, maji yakapungua mitaani. Mtaa ukipendeza, mwenye nyumba anapandisha kodi, na mpangaji aliyechimba mfereji anatafuta mtaa mwingine ambao bado una matope. Hakuna mtu mbaya katika kisa hicho. Soko liliachwa lifanye kazi yake peke yake.

Mfano wa upande wa pili hauko mbali, uko Magomeni Kota. Wakazi wa nyumba zile za zamani waliondolewa mwanzoni mwa muongo uliopita, wakaahidiwa kurudi, wakasubiri miaka mingi wakipanga huku na kule, na baadhi walifariki wakisubiri. Machi 2022 Rais Samia alizindua maghorofa mapya yenye makazi ya familia 644. Kuna mengi ya kulalamikia kuhusu ucheleweshaji ule. Hata hivyo watu walirudi eneo lilelile, katikati ya jiji, mahali ambapo soko lisingewaruhusu kurudi kamwe. Kilichowarudisha ni vitu viwili: ardhi ilibaki mikononi mwa umma, na kulikuwa na orodha ya majina. Bila orodha, ahadi ya kurudi ingebaki hotuba.

Kwa wakazi wa bondeni hakuna ahadi ya namna hiyo. Ukishasaini fomu ya fidia, dai lako limefungwa. Pendekezo langu kwa hiyo haliwahusu wao kwa majina pekee, linahusu aina ya watu ambao jiji linawahitaji karibu. Ardhi itakayonyanyuliwa isiuzwe. Ibaki ya umma na itolewe kwa upangishaji wa muda maalumu, na kabla ya mkataba wa kwanza ijulikane ni sehemu gani imetengwa kwa ajili ya vyumba vya kupanga vya bei ya chini. Nasisitiza vyumba. Tukisema nyumba za gharama nafuu tunaishia kujenga maghorofa ya kuuza ambayo mwalimu hawezi kuyanunua, sembuse muuza karanga.

Iko sababu ya kifedha pia, ambayo huenda ikamshawishi asiyejali habari za mpangaji. Msimbazi unabeba mchanga. Kila msimu unashusha udongo kutoka Pugu na Kinyerezi na kuurundika Jangwani, ndiyo maana nafasi chini ya daraja la zamani ilizidi kupungua na katapila likawa mgeni wa kudumu pale. Daraja la mita 390 halitazuia mchanga huo kuja. Utatakiwa kuondolewa mwaka baada ya mwaka, muda mrefu baada ya fedha za mradi kwisha. Ukiuza ardhi unapata fedha mara moja, na tope linakuja kila masika. Ukiipangisha una mapato ya kila mwaka ya kulipia kazi ya kila mwaka. Bustani nayo itahitaji walinzi, taa na wafagiaji, vinginevyo baada ya miaka michache itawekewa uzio na kutozwa kiingilio, na uwanda uliokuwa wa kila mtu utakuwa wa wenye tiketi.

Mchanga unanikumbusha udhaifu mwingine wa mjadala wetu, kwamba macho yote yako Jangwani wakati ugonjwa unaanzia juu. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi imeliwa kwa mkaa na kwa viwanja. Vilima vya Kinyerezi na Ulongoni vimejengwa bila mifereji, kila paa linamwaga maji yake kwa jirani wa chini, na wachimba mchanga wanakula kingo za mto hadi nyumba na madaraja vinaporomoka. Ukishuka zaidi unakuta majitaka ya Vingunguti na ya viwandani, ambayo ndiyo yanayomwagilia mchicha tunaokula. Katika eneo hilo lote kuna mamlaka nyingi: Halmashauri ya Jiji, ambayo tangu 2021 ndiyo iliyokuwa Ilala, kisha Ubungo, Kinondoni, Kisarawe iliyoko Mkoa wa Pwani, Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, baraza la mazingira (NEMC) na wakala wa barabara za vijijini na mijini (TARURA). Kila moja ina kipande chake cha mto. Kibali cha kuchimba mchanga kinatolewa huku, daraja linaanguka kule, na hasara inahesabiwa kwenye bajeti ya mwingine. Mradi una vipengele vya kushughulikia maeneo ya juu, na ningependa viongozi wavizungumzie kwa sauti ileile wanayoizungumzia bustani. Mti wa Pugu haufunguliwi kwa kukata utepe, labda ndiyo sababu.

Hatua ya kwanza ni ndogo kuliko daraja na haihitaji mkopo. Halmashauri zitangaze ramani ya ardhi itakayonyanyuliwa, kipande kwa kipande, na nani atakuwa msimamizi wake. Pamoja na hilo, ziwatafute wapangaji wa Suna, Kigogo na Msimbazi Bondeni na kuwaandikisha kama waombaji wa kwanza wa vyumba vitakavyojengwa. Fomu za fidia zina majina ya wenye nyumba, kwa hiyo kumbukumbu za waliopanga vyumba zimebaki kwenye madaftari ya wajumbe na wenyeviti wa mitaa. Mitaa yenyewe imevunjwa, na baadhi ya wajumbe hao nao wameshahamia Chanika.